Tulivyotafuta Sauti Safi ya Gitaa

Kaka yangu alirudi nyumbani Kitale na gitaa, kikohozi, na sweta ya mtu mwingine. Ya sweta hatukuuliza. Ya kikohozi, majirani walijifanya hawajui, huku wakianza kumtengea kikombe chake. Lililonihusu mimi ni gitaa. Nilikuwa kidato cha pili, nimeshafungua redio mbili na kufunga moja, kwa hiyo nilijihesabu fundi.

Alikuwa amepiga muziki Bungoma miaka mingi, kwenye harusi, kwenye mabaa, kwenye matanga ya watu wenye heshima na wasio nayo. Alipiga kama wazee wa kwetu wanavyopiga: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka, na kidole cha shahada kinamsimulia hadithi njiani. Shingoni mwa gitaa alifunga penseli kwa mpira wa tyubu ili kupandisha sauti. Na pembeni lazima awepo mtu wa kugonga chupa ya soda kwa msumari. Mtu huyo nilikuwa mimi. Ndicho chombo pekee duniani ambacho ukifeli kukipiga unaweza kurudisha dukani.

Alikuwa na binti pia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi, akiishi na mamake Lwakhakha, kule mpakani. Aliletwa kwetu mara moja kwa mwezi. Daktari alikuwa amesema kaka asimkaribie sana mpaka kifua kipone, basi alikaa ng'ambo ya meza akampigia gitaa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kumbeba.

Siku moja alitoka hospitali akanikuta nje nikifua soksi.

"Kuna wimbo nimemtengenezea huyu mtoto," akasema. "Nataka uingie kwa kaseti kabla..."

Hakumaliza.

"Kabla ya mitihani yangu?" nikamsaidia.

Akacheka. "Eeh. Kabla ya mitihani yako, fala wewe."

Kilichokuwa kinamtisha zaidi si kifua. Ni vidole. Vilikuwa vimeanza kufa ganzi, kwanza nchani, halafu ikapanda. Kila asubuhi alikaa kitandani akivigusa kimoja kimoja kama mwalimu anayeita majina, na kila baada ya siku chache kulikuwa na mmoja ambaye hakuitika vizuri.

Kaseti nzuri tulikuwa nayo moja. Nyingine zote za nyumbani zilikuwa zimerekodiwa juu ya nyingine mpaka ukisikiliza kwaya unasikia chini yake mtu akitangaza mpira. Lakini shangazi alikuwa ametuletea moja kutoka Nairobi, ile ya heshima, yenye maandishi ya dhahabu, bado iko kwa karatasi yake. Redio kaseti ilikuwa ya mama. Alitupa kwa sharti moja: tutumie stima, tusiguse mawe yake. Mawe ni betri. Mama alizitunza kuliko alivyotutunza sisi. Zikichoka alizianika juani juu ya mabati zipate nguvu, kama mahindi, ili stima ikipotea asikose matangazo ya vifo.

Amplifaya ilikuwa ya kanisa. Mama ndiye aliyekuwa akifagia kanisa Jumamosi mchana, kwa hiyo ufunguo ulikuwa kwetu. Tukaingia, mama akabaki nje akifagia uwanja, kaka akachomeka gitaa, mimi nikaweka redio kwenye benchi la wazee, nikabonyeza vitufe viwili vya kurekodi, nikashika chupa yangu.

Akapiga wimbo wote.

Najua sasa kwamba huo ndio ungekuwa mwisho wa habari hii. Wimbo wote, tangu mwanzo hadi mwisho, kama dakika nne, hakukohoa hata mara moja. Sauti yake ya kuimba ilikuwa imepungua ikawa kama ya mtu anayezungumza na mtoto anayesinzia, na gitaa likajaza palipobaki. Mahali fulani katikati nilisahau kugonga chupa. Haikudhuru.

Tukarudisha kaseti nyuma, tukasikiliza. Na nyuma ya gitaa, toka mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na mvumo. Mmmmmm. Hausongi, haurudi.

"Si iko sawa tu?" kaka akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini hayo yalikuwa ya kawaida siku hizo.

Nami nikafungua mdomo wangu.

"Bro, huu si wimbo. Hili ni tangazo la mashine ya posho. Huyu mtoto atakua akidhani babake alikuwa anasaga mahindi."

Alicheka mpaka akashika benchi. Alicheka mpaka mama akachungulia dirishani kuona kama anakufa. Nikaona kicheko kimeshika, nikaongeza: "Unaachia mtoto urithi, unaachia na debe mbili za unga?"

"Basi," akasema akijifuta. "Basi, umenimaliza. Tutafute iliyo safi."

Nimewahi kuchekesha darasa zima mpaka mwalimu wa Biolojia akatoka nje. Sijawahi kuchekesha mtu vizuri kama siku ile.

Neno safi, kwake, lilikuwa na maana yake. Kwenye bendi walikuwa na vijana waliopenda gitaa linalokwaruza kama lori mlimani. Yeye hakutaka hilo. "Safi," aliniambia, "ni usikie uzi ni uzi, ukucha ni ukucha, na mbao ni mbao. Usisikie mashine." Nikaenda kumtafutia hiyo kwa bidii ambayo sijawahi kuipa hesabu.

Kibomet, si mbali na kwetu, kulikuwa na fundi wa redio, mtu mnene mwenye kibanda chembamba, na aliyeniita prefekti kwa sababu sikuwa. Ndiye aliyenifundisha neno priampu. Gitaa likiguswa, alisema, hutoa sauti changa sana, kama mtoto wa siku moja. Kabla haijapewa nguvu ya kusukuma spika, lazima ipite mahali ilishwe kwanza. Hapo ndipo priampu. "Ukimlisha vibaya hapa, prefekti, hata umpe spika kubwa kama mlango atabaki amekonda tu."

Akatujengea moja. Bodi dogo kama kiberiti, nyama yake imetolewa kwenye redio marehemu: transista mbili, vijidude vya rangi, na kitufe cha kupandisha. Lilikaa kati ya gitaa na amplifaya ya kanisa. Toleo la kwanza lilitoa sauti kama kijiko ndani ya kikombe cha bati. Tukalirudisha. Akabadilisha kijidude kimoja, sauti ikanenepa, lakini sasa gitaa likawa kama limemeza kiazi moto. Tukalirudisha. La tatu lilikuwa zuri. Lile la tatu, wallahi, ulisikia ukucha.

Lakini tulipotoka kanisani na kusikiliza kaseti nyumbani: mmmmmm.

"Bado inavuma," nikamwambia fundi.

"Hapa kwangu haivumi."

"Labda inakuogopa."

"Wewe, prefekti, sikiza." Akachomeka gitaa kwenye bodi, bodi kwenye amplifaya yake, akagusa uzi mmoja. Safi kama maji ya mlimani. Akaniangalia. "Iko wapi hiyo kuvuma?"

Tukaamua anajisifu. Tukaamua shida ni amplifaya ya kanisa. Na kweli, ukiweka sikio karibu na spika yake ulisikia kitu, lakini amplifaya zote husema kitu ukiwekea sikio; hata ukuta husema. Hatukuwaza hivyo wakati ule. Tuliwaza kwamba tuna masikio makali.

Njia yetu ya kulinganisha ilikuwa hii, na nilijivunia sana. Kaka anapiga kipande cha mwanzo tu cha wimbo, vipimo vinne, kisha anaacha. Gitaa lile lile, penseli mahali pale pale, redio hatua tatu kutoka kwa spika. Baadaye tunasikiliza kimoja baada ya kingine na kupiga kura. Mimi nilikuwa mtangazaji. Kabla ya kila kipande nilisogeza mdomo karibu na redio:

"Mabibi na mabwana, anaingia uwanjani namba moja, amplifaya ya kanisa! Ameokoka, hanywi, havuti, lakini anavuma!"

"Namba mbili, bodi la Kibomet! Amezaliwa jana, kitovu hakijadondoka!"

Kaka alipenda. Kuna siku alikataa kupiga mpaka nitangaze. Tulijaza upande wa pili wa kaseti wote namna hiyo, wiki baada ya wiki, vipande vya mwanzo na utani wangu. Upande wa kwanza tuliuacha na ule wimbo wa siku ya kwanza. "Usiufute," alinionya mara moja tu, na mimi nikamwuliza ananichukulia kama nani.

Zilipita wiki tano. Katika wiki hizo kidole cha shahada kilikuwa kimeanza kuchelewa. Nilikisikia. Hilo ndilo jambo ambalo sitaki kulisema na ndilo nalisema: nilikisikia. Nilikuwa nasikiliza vipimo vinne hivyo mara ishirini kwa siku, hakuna mtu duniani aliyevijua kama mimi, na nilisikia kinachelewa kidogo, halafu kidogo tena, na nikaandika kwenye daftari langu la Jiografia, kana kwamba ni sauti nyembamba ya mashine iliyofifia: *trebo imepungua.*

Likizo fupi ya katikati ya muhula tulienda Bungoma kwa khocha. Khocha ni mjomba, ndugu ya mama, na kwetu khocha huwezi kumkatalia kitu wala yeye kukukatalia. Alikuwa na hoteli ndogo, na kwenye stoo nyuma ya jikoni, chini ya gunia, alikuwa na amplifaya ya valvu iliyoachwa na bendi ya kaka ilipovunjika. Valvu ni zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Kaka alikuwa ameipigia kwa miaka. Alisema hakuna kitu safi kama ile.

Tulikuta khocha ameitoa na kuipangusa. Alimwangalia kaka, akamwangalia tena, kisha akageuka akaanza kunifokea mimi.

"Wewe mbona umekonda hivi? Shule hawapei nyinyi chakura?"

Mimi sikuwa nimekonda. Lakini kuna mtu alipaswa kufokewa.

"Khocha, iwashe basi," kaka akasema.

"Ngoja ipate moto kwanza. Hii ni varvu, si transista zenu za prastiki. Hii haipendi halaka." Akaketi juu ya debe, akaikodolea macho kama ng'ombe anayekaribia kuzaa. Harufu ya vumbi linaloungua ikatoka. Chupa zikaanza kuwa nyekundu.

Ukutani kulikuwa na tundu moja tu la stima, na amplifaya imelichukua. Redio ikakosa pa kuchomeka. Nikamwomba khocha mawe manne kutoka kwa tochi zake, nikayatia, tukaendelea. Hata sikufikiria.

Nikatangaza. "Namba tatu, mzee wa Bungoma! Ana valvu nne na mke mmoja!"

"Wawiri," khocha akasahihisha.

Kaka akapiga kipande cha mwanzo.

Sijui nitaielezaje. Kwenye zile nyingine, noti ilitoka ikaanguka. Hapa ilitoka, ikasimama, ikakutazama, ikaaga. Khocha aliacha kutafuna. Tukarudisha kaseti, tukasikiliza: hakuna mvumo. Hakuna hata chembe. Uzi, ukucha, mbao. Niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu ya sufuria.

"Ndiyo hii!" nikapiga kelele. "Bro, ndiyo hii!"

Yeye hakuruka. Alikuwa ameegemea magunia, amefumba macho, anatabasamu. "Kesho," akasema. "Nipumzike leo. Kesho asubuhi naupiga wote."

Sasa, upande wa pili wa kaseti ulikuwa umejaa. Kile kipande cha khocha kilikuwa kimeingia kwenye inchi za mwisho kabisa. Na tulikuwa tunataka kujaribu vitufe, besi hapa, trebo pale, ili kesho tusipoteze nguvu zake. Nikageuza kaseti. Nikarudisha mwanzo.

"Upande huo si una ule wimbo?" kaka akauliza, macho bado yamefumba.

"Ule wa mashine ya posho? Kesho si tunapiga upya? Kwa hii?"

Akajigeuza juu ya magunia.

"Wewe ndiye injinia," akasema.

Nikabonyeza vitufe viwili. Tulijaribu vitufe vya amplifaya kwa kama dakika kumi. Mimi ndiye niliyegusa uzi mara nyingi, yeye akielekeza kwa kidole. Wimbo wa kanisani ulikuwa wa dakika nne. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi, kutoa na kujumlisha, na haijawahi kuleta jibu lingine.

Asubuhi khocha aliiwasha amplifaya kabla hatujaamka, iwe tayari. Kaka alikunywa chai, akachukua gitaa, akafunga penseli. Mkono ulimchukua muda kufunga ule mpira. Nikajifanya natafuta chupa.

Akaanza. Kipande cha mwanzo kikapita, kikafika mahali pale ambapo katika wiki tano zote alikuwa akiacha, na kidole gumba hakikuupata uzi. Akaacha. Akaanza tena. Safari hii kidole cha shahada kiliupata uzi usio wake.

Nataka nieleze kitu kuhusu sauti safi, kwa sababu hakuna aliyetuonya. Sauti safi haifichi kitu. Lori linalokwaruza linaficha, kanisa na mvumo wake lingeficha, lakini ile amplifaya ya valvu ilileta kila kosa mezani likiwa limeoshwa na kuanikwa. Uliusikia uzi ukiguswa na nyama ya kidole badala ya ukucha. Uliusikia mkono ukitafuta. Kila tulichokitaka tulikipata.

Alianza mara tisa. Zote nilizirekodi, kwa sababu kila mara nilifikiri ndiyo hii.

Baada ya ya tisa alisema, "Zima."

"Bro, pumzika kidogo halafu..."

"Nimesema zima, bana."

Khocha akazima. Valvu huchukua muda kupoa; tulikaa pale watatu tukiziangalia zikififia. Nikajaribu kusema jambo la kuchekesha. Nilikuwa nalo tayari, kuhusu wake wawili. Halikutoka.

Hatukujaribu tena. Nyumbani gitaa lilitundikwa msumarini. Mtoto alipoletwa mwezi uliofuata, kaka alikaa ng'ambo ya meza na mikono mapajani, wakaangaliana. Mtoto alinyooshea msumari kidole, akalia kidogo, kisha akapewa ndizi.

Alikufa muhula wa tatu, asubuhi, nikiwa kwenye mtihani wa hesabu. Walikuja kuniita nikiwa swali la sita. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nalijua jibu.

Siku ya kuzika, kabla watu hawajajaa, mama aliniita nyuma ya nyumba. Hakuwa analia wakati huo. Alikuwa anahesabu sufuria za kuazima.

"Ile kanda leta," akasema. "Ya kanisani. Nataka wasikie."

"Gani, mama?"

"Ile mliyorekodi nikifagia. Nilisikia yote kwa dirisha. Alipiga vizuri siku ile." Akapangusa kifuniko. "Aliimba vizuri."

Ningeweza kusema imepotea. Watu huniita mwongo na kwa kawaida nawapa sababu.

"Nilifuta."

Alinitazama kama anayengoja nimalize utani. Mimi ndiye niliyemfundisha kungoja hivyo.

"Ulifuta kwa nini?"

"Ilikuwa inavuma, mama."

"Inavuma?"

"Nyuma ya gitaa. Kulikuwa na mvumo."

Mama akachukua sufuria moja, akaiweka juu ya nyingine. "Mimi sikusikia kitu kinavuma," akasema, akaingia ndani.

Khocha alikuwa amekuja na amplifaya yake kwenye pikapu ili kanda ipigwe kwa heshima. Iliishia kutumiwa na mchungaji. Mahubiri yake hayajawahi kuwa safi namna ile. Tulisikia hata akimeza mate.

Kama wiki tatu baadaye nilikwenda Kibomet kurudisha bodi. Sikuwa na kazi nalo. Fundi alisema pole, akanipa kiti, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Kisha, kwa sababu hakujua aseme nini kingine, akauliza mambo ya kazi.

"Ile kuvuma mliwahi kuimaliza?"

"Bungoma iliisha. Kwa valvu."

Akakunja uso. Mtu wa transista hapendi kusikia hivyo. "Mlikuwa mnarekodi na nini?"

"Redio ya mama."

"Kwa stima ama mawe?"

"Stima. Mama hakutaka mawe yake yaguswe."

"Na Bungoma?"

Nikaliona lile tundu moja ukutani. Nikaiona mikono yangu ikitia mawe manne ya tochi.

"Mawe," nikasema.

Fundi akaweka chini chuma chake cha kulehemu. Alikiweka polepole, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Hizo redio zina transfoma yao ndani," akasema. "Ukirekodi kwa stima, inajirekodi yenyewe ikivuma. Ndiyo maana nilikuwa nakwambia hapa haivumi, kijana." Aliniita kijana. Hakuniita prefekti tena, hata leo hajaniita.

Jumamosi iliyofuata nilichukua ufunguo kwa mama. Nilitia mawe kwenye redio. Yake, bila kuomba. Niliwasha amplifaya ya kanisa bila gitaa, bila mtu, nikarekodi kwenye kanda moja kuukuu. Nikaketi benchi la wazee nikasikiliza dakika nzima. Nje ulisikika ufagio. Mle ndani ya kanda hapakuwa na mvumo wowote. Ilikuwa safi. Amplifaya ya kanisa ilikuwa safi tangu mwanzo, kaka alikuwa na vidole vyake vyote, na tulikuwa na mchana mzima mbele yetu.

Nimewahi kujaribu kumlaumu mama na mawe yake. Nikamlaumu fundi kwa kutouliza mapema. Nikamlaumu khocha kwa tundu moja. Hata kaka nimemlaumu, kwa kuniita injinia. Hakuna kati yao anayekaa vizuri kwenye lawama. Wote wanateleza, nabaki mimi na mashine yangu ya posho.

Sasa niko kidato cha nne. Mtoto anaishi kwetu, mamake aliolewa upande wa pili wa mpaka. Ana miaka mitatu na ushee na anazungumza kama karani wa chifu. Wiki iliyopita aliiona kaseti yenye maandishi ya dhahabu, akataka kujua kuna nini ndani. Mama alikuwa sokoni. Nikaiweka.

Akasikia mimi nikitangaza. Akacheka, akasema, "Ni wewe!" Akasikia amplifaya namba moja, namba mbili, mvumo, kipande cha mwanzo, kikohozi, kipande cha mwanzo. Nikageuza upande. Akasikia khocha akisema wawiri, hapana, hilo liko ule upande mwingine. Huku ni mimi nikichezea vitufe, kisha mara tisa za asubuhi.

"Papa ni nani hapo?" akauliza.

"Huyo anayepiga gitaa."

Akasogea karibu na spika. Ilikuwa mara ya nne, ile ambayo karibu ivuke. Ikaacha.

"Kwa nini anaacha?"

Mimi ninayo majibu. Nimeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu mara kumi na moja kwa sababu ya kuwa na majibu.

"Stima ilipotea," nikamwambia.

Akafikiri. Akaketi chini mbele ya redio, akakunja miguu, akaweka mikono mapajani.

"Basi tungoje irudi," akasema.

Nikamwambia yeye angoje, mimi nakwenda kuchota maji. Ndoo zote zilikuwa zimejaa.